Safety Last! kwenye flashi: kagua nakala kabla ya kulipa

Kati ya sinema bubu zinazoingizwa kwenye flashi katika kibanda kimoja cha muvi pale Mwanjelwa, Mbeya, ya kuanza nayo ni Safety Last! ya 1923. Sh 1,000 si ghali, mradi nakala iwe nzima.

Mwigizaji wake mkuu, Harold Lloyd, hana masharubu ya bandia wala viatu vya kuburuza kama Charlie Chaplin. Ana suti ya kawaida na miwani ya fremu nene isiyo na vioo, maana vioo vingemulika kwenye kamera. Ni mpole, msafi, mwenye bidii, mwoga kiasi. Hapa ameaga kijijini kwenda mjini. Anapima vitambaa dukani huku akimwandikia mchumba kwamba mambo yake ni makubwa. Kijana aliyetoka Tukuyu kwenda Dar ataelewa bila mkalimani. (Vurugu za akina mama kwenye kaunta ya vitambaa nazo si ngeni Mwanjelwa.) Mwishowe analazimika kupanda jengo la ghorofa 12. Mkono wa kulia wa Lloyd mwenyewe haukuwa na kidole gumba wala cha shahada: bomu alilodhani ni la maigizo lilimlipukia 1919. Glavu ndiyo inayoficha.

Utamu wa kupanda huku huharibiwa na runinga. Picha ya asili ni karibu mraba, hivyo weka runinga kwenye umbo la 4:3. Ukiacha runinga iivute, jengo linafupika na woga unaisha. Ukiweka zumu ni vibaya zaidi: inakata chini ya picha, na huko ndiko uliko mtaa wenye magari. Kuta za kuigizia zilijengwa juu ya mapaa ya majengo halisi makusudi ili mtaa ule uonekane.

Kabla ya kulipa, angalia muda: dakika 73 hivi. Ikiwa 60, ama imekatwa ama inakimbizwa. Ruka hadi pale Lloyd anaponing'inia kwenye saa ya ukutani usikilize kama muziki upo. Maandishi ni ya Kiingereza, kwa hiyo mmoja awasomee watoto. Nakala zilizopakwa rangi achana nazo.

Nafasi ikibaki, ongeza The Freshman ya 1925. Ni ya chuoni: Lloyd anadhani yumo kwenye timu, kumbe ni wa kubeba maji. Na kwenye dansi, suti aliyoivaa fundi ameipiga bandi tu.