Graceland ya Paul Simon: jina moja jaladani, mikono mingi ndani

Albamu ya Graceland, iliyotoka mwaka 1986, ilitolewa kama kazi ya mwimbaji wa Marekani Paul Simon peke yake. Lakini mkazi wa Mombasa aliyekulia kwenye muziki wa bango na taarabu hatachelewa kutambua kwamba Simon ni mwenye shughuli tu, na wapishi wametoka kwingine. Hapo ndipo ulipo utamu wa albamu hii, na hapo hapo ndipo penye maswali yake.

Mapema mwaka 1985 Simon alikwenda Johannesburg pamoja na fundi wake wa kurekodi, Roy Halee, akawaacha wanamuziki wa huko wapige mitindo yao wenyewe, kisha akarudi New York na zile kanda akatunga maneno juu ya midundo ambayo tayari ilikuwa imetimia. Ndiyo maana katika nyimbo nyingi ala hazimsindikizi mwimbaji, bali yeye ndiye anayetafuta upenyo wa kupita kati yake. Gitaa la Ray Phiri husema machache na kwa wakati wake. Besi ya Bakithi Kumalo, isiyo na vyuma vya kugawa noti shingoni, huteleza kutoka sauti moja hadi nyingine, na katika "You Can Call Me Al" hupiga kipande kifupi cha kasi ambacho nusu yake ya pili ni ile ya kwanza iliyogeuzwa kinyumenyume studioni. Spika za matatu zetu, zilizofungwa kwa ajili ya kutikisa viti, hazikitendei haki kipande hicho, afadhali hedifoni.

Kodiani, ambayo masikio ya Pwani yameizoea ndani ya taarabu, hapa ndiyo inayoifungua albamu mikononi mwa Forere Motloheloa wa Lesotho, na ngoma zinapoipokea huo hauwi tena muziki wa kusikiliza umekaa. Kilele, kwa maoni yangu, ni "Homeless", ambao Simon aliutunga pamoja na Joseph Shabalala na kuuimba na kundi lake Shabalala la waimbaji wa Afrika Kusini, Ladysmith Black Mambazo, bila ala yoyote. Kizulu chake ni cha jamaa wa mbali, kwa hiyo Mswahili atanasa neno hapa na pale bila kufundishwa.

Maswali yenyewe si madogo. Simon aliingia Afrika Kusini wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa umehimiza wasanii kuisusia nchi hiyo kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na ANC, chama kilichopigania ukombozi wa Waafrika huko, kilimlaumu. Kwa upande wake, aliwalipa wanamuziki wa Johannesburg mara tatu ya kiwango cha New York, na majina ya Shabalala, Motloheloa na General Shirinda yameandikwa kama watunzi wenza. Hata hivyo, Los Lobos, bendi ya Los Angeles inayopiga katika wimbo wa mwisho, ililalamika hadharani kwamba haikutajwa kuwa mtunzi mwenza. Mimi kinachonikera zaidi ni "I Know What I Know", ambamo sauti za Gaza Sisters, waimbaji wa kike wa kundi la Shirinda, zenye uchangamfu usio na mfano, zimefunikwa na porojo za karamu ya matajiri wa mjini.

Nyimbo mbili za mwisho zilinuiwa kuonyesha kwamba kodiani ya Louisiana na ile ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko zina udugu na ya Lesotho. Hoja ni nzuri, nyimbo ni za wastani, na baada ya "Crazy Love, Vol. II" albamu ingeweza kufungwa bila hasara.

Atakayeinunua leo achague toleo la mwaka 2012 la kuadhimisha miaka 25, kwa kuwa lina majaribio ya awali ya baadhi ya nyimbo pamoja na filamu ya kumbukumbu ambamo wanamuziki wa Afrika Kusini wanaieleza kazi hiyo kwa vinywa vyao wenyewe.