Eti "labda hujui kutumia": mihuri ya tabaka niliyoagiza mtandaoni

Sina kawaida ya kuandika maoni kuhusu vitu ninavyonunua, na hili nalo nilikuwa nimeshalisamehe. Ila jana usiku tangazo lao limenipitia tena kwenye simu, waridi lile lile, na sauti ya yule dada wa dukani kwao ikanirudia masikioni kana kwamba tumeongea asubuhi. Naandika kabla sijapoa. Jina la duka naliacha, wenyewe wanajijua.

Mimi natengeneza kadi za mkono hapa Dar. Za sendofu, za kipaimara, za Idi, na mara moja moja za mtu aliyemkosea mke wake. Kazi si nyingi, maana siku hizi mwaliko unatumwa WhatsApp na mchango unadaiwa humo humo, lakini wapo kina mama ambao sherehe hawaiamini mpaka washike karatasi. Hao ndio wananilisha.

Miaka yote nimetumia mihuri ya mpira ya kuchongesha. Unapiga mara moja, na ua linatoka limekakamaa kama muhuri wa serikali ya mtaa. Nilipoiona hii ya tabaka nikachanganyikiwa. Waridi moja lina mihuri minne. Wa kwanza ni umbo zima lisilo na mistari, unaupiga kwa pinki iliyofifia. Wa pili unakaa juu yake kwa pinki iliyokolea kidogo. Wa tatu ni mikunjo ya ndani tu, huo nautilia damu ya mzee. Wa nne majani. Ukiutazama mmoja mmoja unaona madoa tu, kama mtoto kamwaga juisi. Ukipiga wa tatu, ua linainuka kwenye karatasi mpaka unataka kulinusa.

Na ni mihuri inayopitisha macho. Unaubandika kwenye kibao cha plastiki angavu, unainama, unaona chini yake tabaka la kwanza liko wapi, unabana pumzi, unashusha. Siku ya kwanza wino uligoma kushika, ukajikusanya matone matone kama maji juu ya jani la gimbi. Nikausugua muhuri kwa kifutio cha penseli, taratibu, ngozi ile ya kiwandani ikatoka. Hapo bado nilikuwa nawapenda.

Sasa wino. Tangazo lilisema unakauka papo hapo, kwenye karatasi yoyote. Yoyote! Nina picha ya tangazo, sijaifuta na sitaifuta.

Ilikuwa kipindi cha masika, nguo zenyewe zinakaa siku mbili kwenye kamba. Mama mmoja wa Tabata akaniletea kazi ya kadi 60 za sendofu ya binti yake, na karatasi kachagua mwenyewe, ile ya kung'aa. "Ing'ae, mwanangu, watu waone." Nikapiga mihuri mpaka saa nane usiku. Mara 4 kwa kila kadi, hesabu mwenyewe. Nikazitandaza sebuleni, watoto nikawapitisha mlango wa uani.

Asubuhi, mbichi. Nikawasha feni. Jioni, mbichi. Nikaleta pasi, nikaweka kitambaa juu, nikapitisha kwa mbali. Waridi likahamia kwenye kitambaa, zuri kabisa, kadi ikabaki na ukungu. Siku ya tatu akaja shangazi wa bibi harusi kuchukua mzigo, kavaa gauni jeupe. Akashika kadi moja, akaisifia, akajishika kiunoni. Alama ya dole gumba, ya pinki, pale pale ubavuni. Akaitazama, akanitazama. "Mwanangu, hili ua lako lina jeraha?"

Nikapiga simu dukani. Nilianza kwa adabu, Mungu ananiona. Nikamweleza dada habari za feni, za pasi, za gauni. Akanisikiliza huku anatafuna kitu, halafu: "Dada yangu, wateja wote wanasifia. Labda hujui kutumia." Nikamwambia kadi nimeanza kutengeneza kabla duka lao halijafunguliwa. "Basi angalia video, dada yangu." Akakata. Nikabaki nimeshika simu. Lile tusi ningelimeza, ila hiyo "dada yangu", imepakwa asali mbele na nyuma!

Haya, sasa niseme na upande wangu, maana nitaulizwa. Hasira ilipopungua nikachukua manila ya kawaida, ya dukani kwa Mpemba, nikapiga waridi lile lile. Likakauka. Kumbe wino ni wa namna mbili. Upo ambao rangi yake imeyeyuka kabisa, unazama kwenye karatasi na kukauka upesi. Na upo ambao rangi yake ni unga laini uliochanganywa, huo unakaa juu, unahitaji karatasi ya kuunywa. Karatasi ya kung'aa hainywi. Na chini ya pedi ya wino pameandikwa ni wino gani, kwa herufi za kusoma na tochi. Kwa hiyo nilikuwa sijui kutumia kweli. Lakini nani aliniambia karatasi yoyote?

Kadi zote 60 nikazirudia kwa manila, hela yangu, usiku wangu. Na hapa ndipo mambo yanaponivuruga, kwa sababu kadi zile za pili ndizo nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Wino ule ule unaochelewa kukauka ndio unaokupa nafasi ya kutia kivuli. Nilinunua brashi ya kupakia poda usoni, nikaanzia nje ya kadi, kwenye karatasi chakavu, nikaingia nazungusha kwa mkono mwepesi, rangi ikawa inakolea pembeni na kufifia katikati kama anga wakati wa magharibi. Nilipotaka waridi la nyuma lionekane liko mbali, nilipiga muhuri kwanza kwenye chakavu, kisha bila kurudi kwenye pedi nikapiga kwenye kadi. Likatoka kama kivuli cha mwenzake. Mama wa Tabata akasema hizi zimezidi zile. Nilitamani kulia.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msinunue. Sasa sijui. Mihuri, nyota 5, hata sibishani. Wino, nyota 4 ukiwa na manila, na hakuna nyota ukiwa na gauni jeupe. Huduma kwa mteja, sifuri. Hapana, moja, maana mzigo uliletwa na bodaboda mwenye heshima zake.

Wiki iliyopita nimeagiza seti nyingine, ya maua ya mchana. Nimetumia namba ya mdogo wangu wa kiume, sikutaka kuisikia ile sauti. Yule dada akampigia kuthibitisha oda. Kamwita kaka yangu, akamweleza taratibu karatasi ya kutumia na ya kukwepa. Wala mdogo wangu hakumuuliza.