Ctrl+R siiachi, lakini Ctrl+S imenichosha

Kila anayesifia njia za mkato za terminali, lile dirisha la kuandikia amri za kompyuta, anasifia Ctrl+R, inayotafuta amri ulizowahi kuandika, na sifa hizo ni za haki kabisa. Pacha wake, Ctrl+S, ndiye hatajwi, na huyo ndiye aliyeniharibia siku.

Juzijuzi nilikuwa kwenye seva ya mbali, natafuta amri ndefu ya zamani. Ctrl+R, herufi chache, amri zikaanza kuja, za karibuni kwanza. Nikaendelea kubonyeza, nikaipita niliyoitaka. Mwongozo wa bash, programu inayopokea amri hizo, wenyewe unasema ukitaka kutafuta kuelekea mbele, Ctrl+S. Haya, nikaibonyeza.

Skrini ikaganda. Naandika, hakuna herufi inayotokea. Vishale, kimya. Hakuna onyo, hakuna hata neno moja la kosa. Mtu yeyote angeamini mtandao umekatika, kwa hiyo nikafunga dirisha, na vigezo vyote nilivyokuwa nimeviweka kwa export tangu asubuhi vikaondoka nalo. Kumbe seva ilikuwa hai muda wote! Ctrl+S ilidakwa na terminali kabla haijaifikia bash, kwa sababu tangu enzi za mashine za teletaipu kitufe hicho kina maana ya “simamisha maandishi”. Ctrl+Q ndiyo inayoyaachia.

Nikamwuliza fundi mmoja. Hakunitazama hata usoni: “Si usome mwongozo.” Mwongozo! Mwongozo ndio ulionituma huko! Jibu la namna hiyo ndilo linalowafanya watu waikimbie terminali, si ugumu wa amri.

Dawa ni mstari mmoja ndani ya .bashrc, faili la mipangilio ya bash:

stty -ixon

Baada ya hapo Ctrl+S inatafuta mbele kama ilivyoahidiwa, na hapo, lazima niseme, ni raha tupu. Nilikuwa nimepanga kuwashauri mzipuuze hizi njia za mkato zote. Siwezi. Alt pamoja na nukta inakuletea neno la mwisho la amri iliyopita, yaani unatengeneza folda kwa mkdir, unaandika cd ili uingie humo, unabonyeza, jina zima limeshakaa mahali pake. Ctrl+U inakata mstari ulioandika nusu, unashughulikia jambo jingine, kisha Ctrl+Y inaurudisha ulivyokuwa. Mikono haitoki kwenye kibodi.

Basi zitumieni, kwa moyo wote. Ila huo mstari wa stty uwekeni leo, kabla ya kugusa Ctrl+R. Na wanaotengeneza terminali, kwa nini mpaka sasa hamwezi kuandika pembeni mwa skrini kwamba maandishi yamesimamishwa?