Uzoefu wangu: kutengeneza programu ya simu Moshi kwa mashine ya RAM GB 4

Vijana wengi hapa Moshi wakitaka kuanza kutengeneza programu za simu huniuliza wanunue zana gani. Zana zenyewe karibu zote ni za bure. Kinachokula hela ni bando, RAM na waya mbovu, na mimi nililijua hilo baada ya kulipia pasipostahili.

Kazi yangu ilikuwa daftari la maziwa. Mama yangu mdogo ni katibu wa kikundi cha wafugaji kule Kibosho. Kila asubuhi watu wanaleta maziwa, yeye anaandika lita za kila mmoja, na mwisho wa mwezi anakesha akijumlisha. Nikamwahidi programu. Nilikuwa na kompyuta mpakato ya mtumba, RAM GB 4, niliyoinunua kwa shilingi 380,000.

Nilianza na huduma moja ya kutengeneza programu bila kuandika msimbo: unaburuta vitufe kwenye kivinjari, unalipa kwa dola kila mwezi. Jina naliacha. Wiki ya kwanza tu nilikuwa na kurasa tatu zinazofanya kazi. Mwezi wa tatu hela ikachelewa, malipo yakakatika, na kazi yangu ikafungiwa humo humo. Siwezi kuipakua, siwezi kuuona msimbo wake. Niliumia sana. Tangu hapo, kabla sijauliza bei ya zana yoyote nauliza kwanza: nikiacha kulipa, kazi yangu inabaki kwa nani?

Nikahamia Android Studio, programu ya Google ya kutengenezea programu za Android. Ni ya bure, na kwa anayeandika Kotlin, lugha ya msimbo wa Android, sijaona pazuri kama pale. Kosa inakuonyesha hata kabla hujaiwasha programu. Ila Google wenyewe wanataka RAM isiyopungua GB 8, na zaidi ya hapo ukitaka kuwasha ile simu ya kuigiza ndani ya kompyuta. Kwangu feni ililia kama mashine ya kusaga na kishale kiliganda. Mwenye mashine ya GB 16 achukue hiyo, asihangaike na haya yangu.

Nilichobaki nacho ni VS Code, kihariri chepesi cha kuandikia msimbo, pamoja na Flutter, zana za kujengea programu za simu, vyote vya bure. Si lazima usakinishe Android Studio nzima. Nilichukua zile zana zake za mstari wa amri, zinazoendeshwa kwa kuandika amri bila madirisha, peke yake, na badala ya simu ya kuigiza nikachomeka Tecno yangu ya zamani. Unaingia kwenye mipangilio, unagonga namba ya toleo mara saba, menyu ya wasanidi inafunguka, unaruhusu utatuzi wa USB (USB debugging). Ukibadilisha mstari na kuhifadhi, badiliko linatokea kwenye simu ndani ya sekunde chache bila programu kuanza upya. Hilo peke yake lilinirudishia hamu ya kazi.

Jambo moja lilinitesa siku mbili: kompyuta haikuiona simu kabisa. Nilikaribia kufuta kila kitu nianze upya. Kumbe waya nilioununua stendi kwa shilingi 3,000 ulikuwa wa kuchaji tu, haupitishi data. Nunua waya mzuri kwanza, ndugu yangu, ndipo uanze kulaumu programu.

Jingine ni faili la gradle.properties. Flutter za karibuni zinaandika humo kwamba Gradle, zana inayougeuza msimbo kuwa programu ya Android, inaweza kutumia RAM hadi GB 8, wakati mashine yangu nzima ina 4. Nilishusha hadi -Xmx1536m, yaani GB 1.5. Kujenga kunachukua muda, lakini kunafika mwisho.

Kuhusu bando, usipakue vitu hivi kwa kifurushi cha siku. Nilibeba mashine hadi Arusha kwa rafiki yangu wa Njiro mwenye intaneti ya nyumbani. Sikuishia kupakua Flutter tu. Nilijenga mradi mtupu palepale mpaka ukawaka kwenye simu, kwa sababu ujenzi wa kwanza ndio Gradle inavuta mtandaoni faili zake zote. Niliporudi Moshi nilifanya kazi wiki nzima karibu bila bando. Na mradi ukiwa katikati sigusi masasisho.

Data za maziwa ziko kwenye SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya simu yenyewe, maana mtandao kule juu hukatika ovyo. Seva silipii.

Siku ya kumpelekea mama mdogo nilijiamini kabisa. Akaishika simu yake, kioo kina ufa kona ya chini, maandishi ameyakuza hadi mwisho kwa ajili ya macho. Akaandika lita 6.5, akatulia. "Mwanangu, sasa nibonyeze wapi?" Nikachungulia: kibodi imefunika nusu ya kioo, na maneno makubwa yamekisukuma kitufe cha Hifadhi chini yake. Kwenye Tecno yangu kilikaa vizuri kabisa. Nilikipandisha juu jioni ile ile, tukiwa tumekaa jikoni, simu yake ikiwa kwenye waya.

Kwenye Play Store nililipa dola 25, mara moja tu. Apple wanataka dola 99 kila mwaka na lazima uwe na Mac, kwa hiyo huko sijagusa. Kuna kitu kimoja wengi hawakijui: akaunti mpya ya mtu binafsi inatakiwa iwe na wajaribu 12 wanaokaa kwenye jaribio siku 14 mfululizo kabla hujaomba kuitoa programu kwa umma. Watu nimewatoa kwenye kikundi kilekile, pamoja na vijana wawili wa jirani. Leo ni siku ya tisa, na kila jioni napiga simu Kibosho kuhakikisha hakuna aliyejitoa.