Kifuniko cha turubai la lori kwa jiko la mishkaki: hela yake ni halali

Ukikaa Kigamboni, Dar es Salaam, upande wa baharini, chuma hakina umri mrefu. Upepo wa chumvi unakula misumari ya paa, sembuse jiko linalolala nje. Langu ni nusu pipa la lita 200, kazi ya mafundi wa eneo la Gerezani, mjini, na kwa uzito wake siwezi kuliingiza ndani kila usiku nikimaliza kuchoma.

Mwanzo nilikuwa na kifuniko cha dukani, cheusi, chepesi, kimepakwa plastiki kwa ndani. Boksi linasema hakipitishi maji. Kweli, maji hayaingii, lakini na ya ndani hayatoki! Asubuhi nikikifunua nakuta matone yamejipanga kama kwenye mfuniko wa sufuria ya wali, wavu umeshaota kutu. Jua la Januari likamalizia kazi: plastiki ikaanza kubanduka na kudondokea pale pale ninapopanga nyama ya wateja. Kikaenda jalalani.

Hiki cha sasa nimeshonesha kwa fundi wa maturubai ya malori. Shilingi 60,000, kamba ndani yake. Lipo turubai la bei ndogo, lile la bluu la kufumwa, ila juani nyuzi zake zinakatika na linageuka unga unga mkononi. Hili ni la PVC, nene, linanuka likiwa jipya, na harufu inachukua muda kuisha.

Nilichokipenda ni alivyofikiria hewa. Kwenye pande mbili fupi ameacha tundu la ukubwa wa kiganja, juu yake kashona ulimi wa turubai unaoning'inia. Mvua inateleza juu ya ulimi, upepo unapenya chini yake. Pindo nalo limeishia shubiri moja kutoka ardhini. Katikati anasimamisha kibanzi cha mbao ili juu pawe na mgongo, maji yasituame. Masika yote nimekuwa nikipitisha kidole kwenye wavu asubuhi: mkavu. Kusi ilipoanza kuvuma kwa fujo, kamba nne za kufungia miguuni zilikishika.

Siku ananikabidhi alisema, "Mama, ukilifunika jiko lingali na moto, turubai litanywea, usije ukanirudia." Kwa hiyo makaa nayamwaga kwenye debe la mchanga, nasubiri mpaka bati linagusika. Jivu nalo lazima litoke lote. Likibaki linanyonya unyevu wa usiku na kulalia bati la chini, na kutu inaanzia hapo hata ukifunika kwa turubai la dhahabu.

Kasoro zipo. Ni kizito, na kwa mtu mmoja kukivua ni mazoezi ya viungo. Ringi za kupitishia kamba kaweka za chuma, na mbili za upande wa bahari zimeshaanza wekundu; angeweka za shaba. Na ahadi ya Jumanne ilitimia wiki iliyofuata, lakini hayo ya mafundi tumeshayazoea.

Jirani yangu wa chipsi alitaka chake kimeze jiko pamoja na mtungi wa gesi. Nikamwambia hapana, dada. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini, na ukiivika turubai unaikusanya ikusubiri na kiberiti chako. Yeye ameshonesha cha jiko tu. Mtungi anaufunga na kuupeleka kivulini, penye hewa.

Kwa jiko dogo la kubebeka, usihangaike, liingize ndani likishapoa. Kwa la pipa au la kujengewa, shonesha. Taja ringi za shaba kabla hajakata turubai, mlipe nusu, na nusu nyingine itoke akishakivisha jikoni kwako ukakiona kimekaa.