Baba alipimwa nguvu kabla ya kutolewa jiwe la figo: uzoefu wetu

Kama una mzazi anayesubiri upasuaji wa mawe ya figo hapa Nairobi, soma hii. Baba ana miaka 76 na jiwe lake lilikuwa limepita sentimita 2. Jiwe la ukubwa huo kwa kawaida hutolewa kwa kutoboa tundu dogo mgongoni mpaka kwenye figo. Hospitali ya kwanza ilitazama picha na majibu ya damu, ikatupa tarehe. Hakuna aliyeuliza mzee anatembeaje.

Kliniki ya pili, maeneo ya Upper Hill, ndiyo ninayoisifu. Muuguzi alimwambia, "Mzee, inuka kwenye kiti, tembea mita 3, geuka, urudi ukae," huku anaangalia saa. Baba alijisukuma kwa mikono, akarudi chini, akajaribu tena. Kwenye kugeuka akashika ukuta. Alipita sekunde 12, na hapo ndipo wanapoanza kuhofia mtu kuanguka. Picha ya CT haikuonyeshi hayo! Kisha akaminya kifaa cha kupima nguvu za mkono, na maswali yakafuata: suruali zimelegea kiunoni? Anachoka akifanya nini? Nani anampangia dawa? Kwenye kipimo cha udhaifu cha 1 hadi 9, ambapo 1 ni mtu mkakamavu, alipewa 5, maana dawa, hela na safari za mjini sasa anasaidiwa.

Daktari alitueleza vizuri kwamba udhaifu haumzuii mtu kupasuliwa, ila unaongeza hatari ya matatizo na ya kulazwa muda mrefu, kwa hiyo maandalizi yanabadilika. Mkojo ulioteshwa maabara kuona kama una vijidudu, maambukizi yakatibiwa kwanza. Baba akapewa mazoezi ya kuinuka kitini. Tukaelezwa pia njia ya kupitisha kamera kwenye njia ya mkojo na kulivunja jiwe kwa leza bila kukatwa, ingawa jiwe kubwa huenda likahitaji kurudiwa. Baba mwenyewe akaichagua hiyo, na amepona vizuri.

Kasoro ni moja na iliniudhi: majibu ya vipimo hivyo hayakufika wodini. Ilibidi nieleze yote upya usiku alipolazwa, mzee akiwa amechoka. Ombeni nakala mapema. Nendeni na dawa zote anazotumia, hasa za kuyeyusha damu, na kama anatembelea mkongojo, msiuache nyumbani.