Fielder 1.5 ya petroli na Passat 1.9 TDI: full tanki hadi full tanki, miaka tisa

Naandika hii kwa yeyote anayetafuta gari ya familia iliyokwisha kula miaka kadhaa na swali lake la kwanza ni inakula mafuta kiasi gani. Nimekaa miaka mitano na Toyota Corolla Fielder ya 2004, enjini 1.5 ile wanayoiita 1NZ-FE, otomatiki gia nne. Halafu nikahamia Volkswagen Passat wagon ya 2003, 1.9 TDI ya dizeli, farasi 130, gia sita za kuingiza kwa mkono, nayo sasa ni mwaka wa nne. Familia ni ileile, watu wanne na mizigo, na dereva ni mimi mwenyewe kwa sehemu kubwa.

Kupima nimepima kwa njia moja tu. Najaza hadi pampu ijikate yenyewe, narudisha trip (kile kihesabu cha kilomita za safari) sifuri, natembea, nikirudi najaza tena hadi ijikate halafu nagawanya kilomita kwa lita. Usiamini tanki moja, maana pampu inaweza kukata mapema ukajikuta lita mbili hazijaingia na hesabu yote ikawa ya uongo, ila ukifika tanki ya nne au ya tano wastani unatulia. Kidaftari kinakaa kwenye droo ya dashibodi na kalamu imefungwa kwa uzi, kwa sababu kila kalamu niliyoweka bila uzi ilibebwa.

Fielder ikiwa mzima: mjini kwenye foleni kilomita 10 hadi 11 kwa lita, njia kuu kwa mwendo wa 90 inafika 15, siku nzuri 16. Passat: mjini 13, njia kuu 19 na mara kadhaa nimegusa 20, na tanki lake ni lita 62 kwa hiyo unaendesha kilomita elfu moja na taa ya mafuta ndo kwanza inawaka. Hiyo raha ya kupita vituo vya mafuta bila kuviangalia, kwa kweli sijawahi kuizoea.

Nimesema Fielder ikiwa mzima kwa sababu miezi minane ya kwanza haikuwa mzima. Ilikuwa inanipa 8.5, wiki mbaya 8, na nilibadilisha kila kitu watu walichoniambia, plagi, filta ya hewa, nikasafisha injekta zinazonyunyizia mafuta, nikabadilisha sensa ya oksijeni, namba haisogei. (Filta ya hewa yenyewe, kwenye gari za injekta zinazopima hewa inayoingia, ikiwa chafu inapunguza nguvu zaidi kuliko inavyoongeza ulaji. Ile ya kuwa filta chafu inamaliza mafuta ni habari ya enzi za kabureta.) Siku moja asubuhi nikamwangalia mwenzangu akiendesha mimi nimekaa pembeni, macho yakaenda kwenye mshale wa joto. Tumetembea dakika ishirini na tano mshale uko robo. Tukasimama kwenye foleni ukapanda, tukaanza kutembea ukashuka tena. Hapo ndo nikaelewa. Tukafungua pale bomba la juu na la chini yanakopita maji, ile nyumba ya themostati, kile kivalvu kinachozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka enjini ipate joto, ilikuwa tupu kabisa. Kuna fundi wa mwenye gari wa mwanzo aliing'oa, bila shaka gari iliwahi kuchemsha na badala ya kutafuta rejeta imeziba wapi akaona dawa ni kutoa themostati.

Sasa sikiliza hii ni muhimu. Enjini isipofika joto lake, kama nyuzi 80 na kitu mpaka 90, kompyuta inaamini gari ndo kwanza imewashwa na inaendelea kumwaga petroli ya ziada kama vile ni asubuhi saa kumi na moja. Na kwenye otomatiki kuna la pili ambalo wengi hawalijui, gia ya juu inachelewa au haiingii mpaka maji yapate joto, kwa hiyo unatembea 80 enjini inapiga kelele ya mizunguko ambayo haihitajiki. Nikaweka themostati mpya, nikasafisha rejeta, tanki iliyofuata 10.6. Kipande cha chuma kinachoenea kwenye kiganja, na mimi nilikuwa nimeshabadilisha nusu ya gari.

Watu wananiuliza kwa nini dizeli ya 1.9 inamshinda petroli wa 1.5 wakati Passat ni nzito zaidi. Kwanza lita ya dizeli ina nguvu zaidi ndani yake kuliko lita ya petroli, kama asilimia 10 hadi 13 hivi, kwa hiyo sehemu ya ushindi ni mafuta yenyewe wala si enjini. Pili mgandamizo, ile 1NZ inagandamiza 10.5 kwa 1 wakati TDI inapita 18 kwa 1, na kadiri unavyogandamiza ndivyo unavyochota kazi zaidi kutoka kwenye mafuta yaleyale. Tatu, na kwangu hii ndo kubwa ukiwa mjini, petroli inaendeshwa kwa kuibana hewa. Ukikanyaga kidogo kile kibao cha kwenye koo la enjini kinakaribia kufunga na enjini inahangaika kuvuta hewa kama mtu anayepumua kupitia kitambaa. Dizeli haibanwi hivyo, inavuta hewa yake yote na kinachopunguzwa ni dizeli tu, ndo maana kwenye foleni inasimama inanguruma pale na mafuta hayashuki.

Lakini Passat sio ya kila mtu na hapa naomba niwe mkweli. Kama safari zako ni kilomita tatu kupeleka watoto shule, kilomita tano sokoni, kurudi, kuzima, dizeli ya zamani haikufai. Inachukua muda kupata joto, masizi yanajaa kwenye njia za hewa na EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya enjini), na ile 13 yangu ya mjini ni ya mtu anayetembea angalau dakika arobaini kwa mkupuo. Ule mwezi niliofanya safari fupi tupu ilishuka ikawa 11, yaani sawasawa na Fielder, sasa faida iko wapi. Na hii yangu haina hata kile kichujio cha masizi. Dizeli za kuanzia Euro 5, kiwango cha Ulaya cha moshi wa magari, yaani 2009 kuja huku, karibu zote zinacho, na kichujio kinahitaji mwendo mrefu wa moto ili kijichome kijisafishe, gari inamwaga dizeli ya ziada kwa ajili hiyo, ukizima katikati inaanza upya safari nyingine. Mtu wa safari fupi akinunua hiyo anakula hasara mara mbili.

Halafu hizi enjini za TDI za miaka ile zenye pampu na injekta pamoja zinataka oili yenye kibali cha VW 505.01. Sio mapendekezo, kamshafti ndo inayosukuma injekta kwa shinikizo kubwa sana na ukiweka oili yoyote tu inalika. Fielder haina masharti hayo, unamwaga oili safi kwa wakati inakuvumilia.

Kuhusu namba za kwenye katalogi, zisome ukijua zilipimwaje. Ile ya Fielder ni ya kipimo cha Japani cha 10-15, gari iko kwenye roli ndani ya jengo, mwendo wa juu kabisa 70. Ya Passat ni ya kipimo cha Ulaya cha NEDC, kilomita 11, dakika ishirini, nacho kimeondolewa kuanzia 2017 kikaja WLTP maana kilikuwa mbali mno na barabara. Huwezi kuweka namba ya Japani pembeni ya namba ya Ulaya ukasema hii inashinda ile, mizani ni mbili tofauti. Hata kompyuta ya Passat yenyewe inajipendelea, ikiniambia lita 5.0 kwa kilomita mia kidaftari kinasema 5.3.

Ila hiyo kompyuta imenifundisha kitu kimoja. Kuna mteremko mrefu ninaoupita, zamani nilikuwa naweka nyutro nikiamini naokoa. Ukiushuka ndani ya gia, mguu umetoka kwenye mafuta, kioo cha kompyuta kinasoma 0.0, yaani injekta zimefungwa kabisa na magurudumu ndo yanazungusha enjini. Ukiweka nyutro namba inapanda kwa sababu sasa enjini inahitaji kunywa ili isizime. Nimeonyesha watu wawili ndani ya gari wakabisha, nikarudia, wakanyamaza. Na breki unazihitaji pale, nyutro inakuachia breki peke yake, acheni hii tabia jamani.

Keria ya juu nilikuwa nimeiacha miezi mingi bila mzigo, kuitoa kumenirudishia karibu kilomita moja kwa lita kwenye njia kuu. Upepo wa tairi angalia kila wiki mbili. Mwendo, kutoka 90 kwenda 110 Fielder ilikuwa inapoteza kilomita mbili na ushee kwa lita, hewa haina huruma.

Kwa hiyo nikiulizwa nampa nani nyota ngapi: Passat nne kwa mtu wa barabara ndefu, mbili kwa mtu wa shule na soko. Fielder nne kwa wote wawili. Njia kuu haiifikii dizeli ila haikuadhibu popote.

Ukienda kuiona yoyote kati ya hizi, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Weka mkono juu ya boneti, ikiwa ya moto rudi siku nyingine. Iwashe ikiwa baridi, endesha robo saa na jicho kwenye mshale wa joto, upande mpaka katikati halafu utulie hapohapo ukitembea na ukisimama. Ukiona unapanda na kushuka, uliza themostati iko wapi kabla hujauliza bei.